Mstari wa Aliyeshindwa

Zakaria, rafiki yangu,

Wamekuandika kitabuni. Usifurahi. Kitabu chenyewe kina jalada la plastiki na mgongo wa waya, kimeandikwa na mwanafunzi wa historia wa chuo kimoja cha Mbarara, na ndani yake wewe ni mtu aliyewafunga wengine midomo. Nimeusoma ukurasa huo mara nne, kamusi mkononi, nikitumaini kwamba Kiingereza changu ndicho kilichokosea. Hakikukosea.

Kwanza nikupe habari. Tangu tukutoe hospitali ya Ruharo umefunikwa shuka, barabara ya Kaberebere imebaki na vumbi lile lile. Wakimbizi wapya bado wanashushwa Kabazana, kwenye kituo cha mapokezi, na bado naenda kuuliza kama kuna wa milima yetu. Hawakosekani. Baraza letu linakaa nyuma ya kanisa kila Jumapili baada ya ibada, ila nusu ya wazee husinzia mashahidi wanapoongea, na nusu ile nyingine haisikii vizuri. Daftari lako la ukarani sasa linashikwa na Neema, mtoto wa marehemu mdogo wangu Yosefu. Ndiyo, yule yule Neema. Walipomchagua nilisimama nikasema kwamba daftari la baraza halijawahi kushikwa na mtoto wa kike. Mkeo akanijibu mbele ya watu wote: "Mwalimu, wewe habari za lile daftari unazijua sana." Watu wakacheka mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia kuna nini.

Sasa huyo mwanafunzi. Anaitwa Ambrozi. Alifika kwa pikipiki, viatu vyeupe, miwani ya jua juu ya paji la uso. "Sebo, mimi natafuta wazee wa sheria ya zamani," akasema, "bwana" kwa lugha ya kwao na yaliyobaki kwa Kiswahili kile cha askari wa kizuizi cha barabarani. Alitaka kujua siasa, sheria na utamaduni wa wakimbizi wa Kivu, vyote vitatu, kwa siku mbili, na ya pili aondoke mapema kwa sababu ya mvua. Wewe ulizeeka ukijifunza sheria ya mlima mmoja.

Alikuwa na fomu ya kukubali kuhojiwa. Kabla sijafungua mdomo akatoa mfukoni kikopo cha wino, akakifungua, akanisogezea ili nibonyeze kidole gumba. Mimi, Zakaria. Mimi niliyewafundisha Kifaransa watoto wa mlima mzima. Nikachukua kalamu yake nikatia sahihi yangu yote, ile uliyozoea kuicheka kwamba ina mikia mingi kuliko zizi la ng'ombe. Akaitazama, akasema, "Eh, mzee anajua kuandika." Nilimdharau palepale, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekaa kitini.

Maswali yake yalikuwa na visanduku. Je, mila zenu ziliheshimu haki: ndiyo, hapana, sijui. Nilikukumbuka wewe ukikaa tangu ibada mpaka jua linazama kwa ajili ya mbuzi mmoja aliyekula maharagwe ya jirani, ukimwambia kila shahidi, "Rudia. Polepole. Sikuwa pale." Kijana huyu naye hakuwa pale, lakini hakuna aliyemsikia akisema rudia.

Neema akamletea madaftari. Akayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akiyageuza haraka kama mtu anayechambua mchele. Halafu akaona mistari mitupu.

Nitaieleza mistari hiyo hapa ingawa wewe ndiye uliyeichora, maana ndivyo ulivyotufundisha: shahidi asidhani kwamba baraza linajua. Kwetu kesi haiishi wazee wanapotoa hukumu. Inaisha siku aliyeshindwa anapokuja kwa miguu yake, anasimama, na kueleza kwa kinywa chake jinsi alivyoshindwa. Halazimishwi. Akitaka wiki, apewe wiki. Akitaka miaka, apewe miaka. Ndiyo maana chini ya kila hukumu uliweka rula ya mbao, ukachora mstari, ukaacha nafasi ya vidole viwili. Wazee wenye haraka walipotaka mtu aletwe kwa nguvu, ulikuwa na jibu moja tu: "Mumuachie fasi yake. Atakuja." Na walikuja. Namkumbuka mzee yule wa Juru aliyeletwa amekalishwa nyuma ya baiskeli, mgonjwa, ili tu aseme kwamba ng'ombe hakuwa wake. Uliandika maneno yake, ukamsomea, akarudi nyumbani akiimba.

Ambrozi akaweka kidole kwenye ukurasa wa Mama Neema.

Unaujua ukurasa huo. Yosefu alipokufa, mjane wake alikubali kuolewa na mtu wa kabila lingine upande wa Rubondo. Mimi nikaenda barazani nikidai kwamba mtoto na shamba virudi kwenye ukoo. Nilisema ndiyo mila. Nilizungumza vizuri siku hiyo, hata mimi nilijisikiliza. Wazee wakakugeukia wewe, karani, wakauliza kama kule milimani kuliwahi kuwa na hukumu ya namna hiyo. Ulikuwa umekula nyumbani kwangu mchana ule ule. Ukataja tatu, kwa majina ya vijiji, na katika zote tatu mjane alishinda. Hukumu ikatoka: mtoto na shamba vibaki kwa mama yake. Ukachora mstari, ukaacha nafasi. Nikaenda zangu bila kukuaga.

Kijana akauliza, "Mzee, hii nafasi ni ya huyu mama? Walimkataza kuongea?"

Neema alikuwa amesimama hapo, ameegemea nguzo, ananitazama. Yeye anajua nafasi hiyo ni ya nani. Kambi nzima inajua. Ndicho walichokicheka siku ile. Ningeweza kumjibu mgeni kwa maneno matatu. Nilichosema ni hiki: "Andika unavyoona. Wewe ndiye msomi."

Naye akaandika alivyoona. Kwamba maneno ya wajane yalifutwa kabla ya kuandikwa. Kwamba karani, yaani wewe, aliacha utupu mahali palipostahili sauti ya mwanamke. Sura nzima, na picha ya mwandiko wako. Mama Neema, ambaye siku ile alizungumza mpaka wazee wakaomba maji, humo ndani hana ulimi.

Neema alikwenda kumtafsiria mkeo ukurasa huo mlangoni kwake. Mkeo aliendelea kuchambua majani ya sombe mpaka mwisho, halafu akasema, "Alikuwa anakaa pale mpaka miguu inavimba, juu watu baseme. Leo njo yeye alibafunga midomo?" Tangu siku hiyo hatoki kanisani kwa mlango wa nyuma, ili asipite penye kiti chako.

Basi nikaenda Mbarara. Nilivaa koti lile la harusi. Mwalimu wake alinipokea katika chumba chenye vitabu vingi ambavyo migongo yake haijawahi kukunjwa. Alinisikiliza akiwa ameshika simu. "Tunaheshimu hisia zako, mzee," akasema. Hisia. Nilikuwa nimempelekea sheria, akaiita hisia. Lakini alisema na hili: kijana ametegemea maandishi, na kama nina maandishi mengine niyalete kabla ya mwisho wa mwezi, maana baada ya hapo kazi inatiwa jalada gumu na kuwekwa maktaba. Hapo ndipo wanafunzi wengine wataitoa na kuinakili, na wewe utabaki hivyo.

Ambrozi alikuwa kwenye ukumbi. Aliponiona alisimama, akavua miwani. "Mzee," akasema, wala si kwa ubaya, "si ni wewe uliniambia niandike vile naona?"

Njia nzima mpaka Kaberebere nilitafuta tusi la kumjibu. Nina matusi katika lugha nne, na mengine ulinifundisha wewe. Sikupata hata moja linalomtosha yeye bila kunienea mimi kwanza.

Kijana alisoma vibaya, nalo ni kosa lake. Hakuuliza mara ya pili. Mwalimu wake alisahihisha koma akaacha uongo, nalo ni lake. Lakini aliyejua na kunyamaza ni mmoja, na ana sahihi yenye mikia mingi. Nilikuacha ubebe aibu ya mstari wangu kwa sababu mtoto mmoja alinisogezea wino.

Jumapili nitasimama. Nimemwambia Neema alete daftari la zamani, kwa kuwa mkono utakaoandika ni wake; sheria haina njia nyingine, na nadhani huko uliko unacheka. Hakushangaa. Alisema tu, "Baba mukubwa, fasi yako iko pale." Mama yake ametumiwa habari, atakuja kutoka Rubondo. Tangu hukumu ile sijamsalimia.

Maneno nimeyaandaa, nayo ni mafupi. Mimi Elia nilitaka kumnyang'anya mjane wa ndugu yangu mtoto na shamba, nikaita tamaa yangu mila. Alisema mbele ya watu wote, akasikilizwa. Nilishindwa kwa haki. Karani aliniachia nafasi, nami sikuja.

Jumatatu nitapeleka nakala Mbarara kwa mkono wangu. Nitabeba na kikopo cha wino. Kijana atakapoipokea nitamwomba abonyeze kidole gumba, ili kumbukumbu zetu nazo ziwe na ushahidi wa kisomi.

Pumzika, Zakaria. Kaburi lako nimelipalilia jana, na mkeo nitamwambia Jumapili apite mlango wa nyuma, ajionee. Uliwaambia waniachie fasi yangu. Nakuja kuijaza.

Elia wako