Kikombe cha Risasi

Jumatatu, 7 Machi 1977
Betri nne leo. Moja ya teksi, tatu za lori. Nimefungua, nimeyeyusha risasi, nimeunganisha upya. Kovu la operesheni linavuta nikiinama. Hapa karakana, mtaani Kongo, wenzangu wanadhani nilipasuliwa ngiri. Wacha wadhani. Ilikuwa kansa. Korodani moja imetolewa, moja imebaki. Alhamisi naanza mashine ya miale, ugonjwa usije ukaingia tumboni.

Naogopa. Nimeandika mara moja, sitaandika tena.

Jumatano, 9 Machi
Naogopa.

Leo daktari amesema miale haina macho. Itachoma ugonjwa, lakini ikitawanyika itaua mbegu katika ile iliyobaki. Kwa hiyo wataifunika kwa risasi. Nilipomwambia mke wangu nyumbani Mashimoni, aliangusha mwiko.

"Watakupiga risasi huko chini? Umewakosea nini?"

Ikabidi nimweleze: risasi ya betri, Akinyi, siyo ya bunduki. Nilicheka mpaka kovu likauma. Yeye hakucheka. Tuna miezi sita tu ya ndoa. Anataka mtoto. Mimi pia. Na matumaini yote yamebaki kwenye kitu kidogo kama yai la njiwa.

Alhamisi, 10 Machi
Sikulala kwenye mashine. Mhudumu alileta kifuniko chao, kikombe cha vipande viwili vinavyokutana katikati. Mkono wa fundi haujui kutulia. Nikakiinua dirishani. Mwanga ukapita kwenye kiungio, mwembamba kama uzi. Lakini ulipita. Nikamwonyesha.

"Wewe fundi wa betri, sasa unataka kufundisha daktari kazi?"

Nikavaa suruali nikatoka. Njia nzima nilijitukana. Kansa haingoji mtu mwenye kiburi.

Ijumaa, 11 Machi
Akinyi hasemi nami. Ana haki. Huenda nimejiua kwa sababu ya mtoto ambaye hayupo.

Jumamosi, 12 Machi
Nimetengeneza changu. Vipande viwili, mdomo wa kimoja umelalia mdomo wa kingine, unene wa kidole. Jinsi nilivyochukua kipimo siandiki, hata humu naona haya. Risasi ya moto ilinimwagikia kiatu. Miaka minane ya kazi, sijawahi kumwaga.

Jumanne, 15 Machi
Nilidhani watanifukuza. Daktari alikigeuza-geuza, akaita fundi wa mitambo. Wakaweka filamu ya eksirei ndani ya kikombe chao, nyingine ndani ya changu, wakawasha mashine. Tukangoja zisafishwe. Sijawahi kungoja hivyo, hata siku ya mahari.

Filamu yao ilikuwa na mstari mweusi. Yangu haikuwa na kitu.

"Haya, lala," daktari akasema. "Na hiki chako."

Mhudumu hakuniangalia. Mashine ikavuma. Niliomba Mungu kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho.

Jumatatu, 28 Machi
Siku ya kumi. Natapika. Uji tu. Kila asubuhi kile kikombe ni baridi. Filamu ni filamu, mwili ni mwili. Je, kama nilikosea mahali ambapo filamu haikuona? Nikikosea betri, mteja hurudi akanitukana. Hapa nani atarudi?

Jumapili, 11 Desemba
Juzi nilipeleka chupa maabara, nimeificha kwapani isipate baridi. Jana daktari alisoma karatasi. Mbegu ni chache, lakini ziko hai. Nikamwomba asome tena. Akasoma.

Akasema tungoje mwaka mmoja zaidi, ili mbegu zilizoguswa na miale ziishe kwanza. Tangu Machi mimi na Akinyi tumelala kama ndugu, kwa woga. Aliposikia habari alijifunga kitambaa akaenda kliniki, akarudi na pakiti ya vidonge.

Leo baada ya kanisa amemeza cha kwanza. Mke wangu anazuia mtoto, na mimi nilikaa pale nikimtazama kwa furaha kama mjinga. Mtu hazuii kisichoweza kuja. Nilichukua glasi yake nikaiosha.