Jina Lako Lilipoitwa Shuleni

Mpendwa Baba Ombati,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Sijui kama hilo ni swali la kumuuliza mtu aliye mahali ulipo, na wala sijui ni mahali gani. Sisi huku Ekerenyo ni wazima. Chai inachumwa, ng'ombe mwekundu amezaa tena, na watoto siku hizi wanapewa maziwa shuleni, jambo ambalo lingekuchekesha. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, usishangae. Nimeingia ngumbaro, darasa la watu wazima, pamoja na wazee wenzangu, na mwalimu wetu ni msichana niliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Nimechagua Kiswahili kwa sababu huko Uganda ulikokwenda nani atasoma Kigusii? Ikiokotwa na mgeni, aweze kukusomea, au awasomee waliokujua.

Nina neno la kukuambia, lakini lazima nianzie mbali, kwenye sherehe ya Krismasi ya shule.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mtu alikuwa anajenga kitu. Shule yetu ilikuwa na madarasa ya udongo na moja la matofali lisilo na paa, ambalo mvua ilikuwa inalisomesha peke yake. Mwalimu mkuu akatuita wazazi, akasema kabla watoto hawajafunga shule kwa Krismasi tutafanya sherehe ya mchango, na kila nyumba ilete kitu cha kuuzwa mnadani. Siku ilipofika, mlango wa lile darasa ulikuwa umepambwa kwa matawi ya saiprasi na karatasi zilizopakwa chaki za rangi. Watoto waliimba nyimbo za kuzaliwa Bwana, Ombati wetu akiwa mstari wa mbele, mdomo wazi na macho yamefumbwa. Sisi Wasabato tulikaa upande wetu na vikombe vya uji, kwa kuwa chai tunaichuma lakini hatuinywi. Wewe ukazunguka nyuma ya jiko, wanawake wa Kikatoliki wakakupa chai ya maziwa, na ukarudi ukijifuta mdomo ukidhani sikuona. Niliona.

Mwalimu mkuu alisimama kwenye benchi akaanza kuita majina ya akina baba, mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Anayeitwa alijibu "Niko," akapeleka mezani alicholeta. Kwa nyumba zilizofiwa alisema, "Nyumba ya marehemu fulani," na mjane akaenda kimya kimya na kikapu chake cha wimbi. Jina lako, Mokua Ombati, lilipoitwa ulijibu "Niko" kwa sauti iliyowaamsha watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Nilikuonea aibu, na wakati huohuo nilijisikia vizuri kuwa mke wako.

Kisha jogoo wetu mwekundu akainuliwa juu. Wewe unajua mnada wa harambee ulivyo: anayemnunua jogoo hamchukui, anamrudisha mezani auzwe tena, na anachokwenda nacho nyumbani ni sifa. Ulimnunua jogoo wako mwenyewe. Ukamrudisha. Nyabuto ndugu yako akamnunua naye, akamrudisha, akakutazama. Watu wakapiga makofi, nawe makofi yalikuwa yanakulewesha kuliko pombe. Ukainuka tena, na tena, mpaka pesa ya sukari na ya kitambaa changu cha Krismasi ikaishia kwenye lile bakuli, na mwisho ukambeba jogoo nyumbani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kushindana nawe.

Sikukusemesha mpaka tulipofika mtoni.

"Sasa unanuna nini?" ukaniuliza. "Jogoo amejenga shule, na bado ni wetu."

Nilicheka nikiwa sitaki kucheka. Siku ya Krismasi tulimla bila chumvi ya kutosha, nami nimevaa kitambaa cha mwaka uliopita. Sijawahi kula nyama tamu kama ile.

Baada ya mwaka mpya ulisema unakwenda Uganda, kwenye mashamba ya miwa upande wa Jinja. Ulitaka mabati juu ya nyumba yetu kama yale tuliyokuwa tunayaweka juu ya shule. Nilikusindikiza mpaka barabarani, Ombati ameshika sanduku lako la mbao kana kwamba ni yeye anayesafiri. Ulisema mambo mengi ambayo nimeyasahau. Nililolishika ni lile la mwisho.

"Wakiniita shuleni, uniitikie mpaka nirudi."

Nikaitikia. Mwaka wa kwanza nilisimama na kusema, "Yuko safarini, nimekuja mimi," na watu wakanipigia makofi kwa kuwa wakati huo barua zako zilikuwa zinafika, na blanketi la rangi ya zambarau lilikuwa limekuja na mtu wa Nyaramba. Baadaye barua zikawa chache. Baadaye mambo ya Uganda yakaharibika, na wanaume wakaanza kurudi kwa miguu bila masanduku. Niliwafuata kila nilikosikia wapo, hata Marani nilifika. Mmoja alisema alikuona ukipanda lori. Mwingine alisema lori hilo halikufika lilikokwenda. Wa tatu aliomba maji, akanywa, akanitazama, akaondoka bila kusema kitu. Huyo wa tatu ndiye ninayemwota mpaka leo.

Lakini kila Desemba jina lako liliitwa, na nilianza kufanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Mwalimu akishaita, sikusimama mara moja. Nilinyamaza kidogo, nikishika jogoo wa mwaka huo, nikikupa nafasi. Nilijiambia kwamba pengine umefika alfajiri, umesikia watoto wakiimba, umekuja moja kwa moja shuleni na umesimama huko nyuma penye wanaume. Nikiitika upesi nitakuwa nimekukatiza. Watu walizoea kunyamaza kwangu, mwalimu naye alijifunza kuningojea, na katika ule ukimya mgongo wangu ulikuwa unasisimka kabisa, kana kwamba kuna mtu amevuta pumzi ili aseme. Kisha nilisimama na kusema, "Yuko safarini."

Nyabuto ndiye aliyechoka kwanza. Sikumlaumu mwanzoni, maana alikuwa ndugu yako na alikuwa na huzuni yake. Alikuja na wazee wawili wa ukoo wakataka tuzike shina la mgomba mahali pa mwili wako, mambo yaishe. Lakini aliposema mambo yaishe macho yake yalikuwa kwenye chai yetu kule mteremkoni. Mgomba ukizikwa mimi ni mjane, na mjane ana wa kumrithi, na anayemrithi anarithi na shamba analolima. Nilikataa. Nikamwambia akitaka kuzika mgomba azike wa kwake, migomba yangu bado inazaa.

Akatafuta njia nyingine. Mwaka ambao Ombati alikuwa sekondari, kidato cha tatu, mwalimu mkuu alikuja nyumbani wiki ya sherehe. Alikaa kwenye kiti akazungusha kofia yake mkononi.

"Mama Ombati, shemeji yako alikuja kwangu," akasema. "Anataka nisome 'nyumba ya marehemu Mokua.' Anasema wazee wamekubali."

"Mimi sijakubali."

"Chifu atakuwa hapo. Watu wote watakuwa hapo. Nikishasema hiyo neno, haiwezi kurudi tena. Na nisipoisema, Nyabuto atasimama aiseme yeye mwenyewe. Sasa mimi nitaita namna gani?"

"Uite vile uliita mwaka jana."

"Na nani ataitika, mama? Miaka hii yote nani ataitika?"

"Wewe ita tu," nikamwambia. Sikuwa na mpango wowote, Baba Ombati. Nilikuwa na jogoo tu.

Siku ile kulikuwa na jua kali, na shule ilikuwa tayari na paa kila mahali, hata choo. Nyabuto alikaa karibu na meza ya wageni, amevaa koti. Majina yakaitwa. Mwalimu akafika kwako, akatazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akamtazama Nyabuto. Halafu akaita kama alivyoita siku zote, "Mokua Ombati," na akafunga mdomo.

Nilinyamaza kama kawaida yangu. Nikaona Nyabuto anafunga vifungo vya koti na kuinuka, na amekwisha kufungua mdomo. Ndipo sauti yako iliposema nyuma yangu:

"Niko."

Nilimwachia jogoo. Sikukosea, ilikuwa sauti yako, na ule uzito wake wa kifuani, na ile namna yako ya kulikata neno mwishoni. Niligeuka nikatazama juu, mahali kichwa chako kinapofika. Kwa muda ule mfupi ulikuwa umerudi. Nilikuwa nimeanza hata kukukasirikia kwa kukawia kwako, na hasira hiyo ilikuwa tamu. Halafu macho yangu yakashuka kidogo, nikamwona Ombati. Alikuwa amerudi siku ileile kutoka shule ya bweni, sanduku la bati miguuni, na sauti yake ilikuwa imevunjika katika muhula ule ambao sikumwona. Nyumbani hakunikuta, akaja moja kwa moja shuleni. Alimkimbiza jogoo wetu, akamkamata chini ya benchi la chifu, akampeleka mezani kwa mwendo wako, bega moja limetangulia.

Hakuna aliyecheka. Nyabuto alibaki amesimama, kisha akaketi, maana nyumba yako ilikuwa imepata mwanamume wa kuitika. Jogoo alipouzwa, yeye ndiye aliyemnunua, akamrudisha mikononi mwa Ombati. Tangu hapo habari ya mgomba sijaisikia tena, na chai kule mteremkoni ni yetu.

Nilishukuru Mungu, na bado nashukuru. Lakini wewe ndiye nitakayekwambia lile lingine. Mwaka uliofuata mwalimu alipoita "Mokua" hakunitazama mimi wala hakungoja. Alimtazama Ombati, na Ombati akajibu, na jina lililofuata likaitwa. Mahali pako palikuwa pamejaa. Mtoto wetu aliiokoa nyumba kwa neno moja, na kwa neno hilohilo akakufungia mlango, na hakujua. Sikuthubutu kumwambia. Niliendelea kunyamaza peke yangu, rohoni, kila jina hilo lilipoitwa, nikikupa ile nafasi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa anakupa.

Sasa nimefika kwenye neno lenyewe. Ombati ameoa, na mwezi uliopita mkewe alijifungua mtoto wa kiume. Ana paji lako la uso na analia kwa madaha. Ni siku nyingi sasa na hana jina, tunamwita Mgeni. Mama yake ananiangalia kwa macho ya kuniomba, kwa sababu wanajua ni mimi ninayewachelewesha. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu anayepumua, hilo unalijua. Kumpa jina lako ni kukuzika bila mgomba.

"Mama, tumwite nani?" Ombati aliniuliza jikoni, na alipouliza ilikuwa ile sauti, kwa hiyo nikawa kama naulizwa na wewe.

Nikamwambia angoje sherehe ya shule ipite.

Imepita Jumapili hii. Nilikwenda na Mgeni mgongoni. Watoto waliimba, saiprasi ilinukia vilevile, na wanaume wazima walinunua kuku wao wenyewe kama wajinga. Wakaita. Ombati akaitika. Majina yakaendelea mpaka mwisho, tukagawiwa mandazi, na nilikuwa katikati ya kutafuna nilipogundua kwamba sikungoja. Jina lako lilipita nami nilikuwa namkinga mtoto na jua. Sikunyamaza, mgongo haukusisimka, sikukupa nafasi. Niliweka andazi chini. Nimeogopa mambo mengi tangu uondoke, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa pale.

Kwa hiyo nimeamua. Jina lako likiendelea kuitwa hewani litapotea huko huko, na mimi mwenyewe nitakuwa mmoja wa waliolipoteza. Afadhali likae kwa mtu. Kesho asubuhi nitamchukua mtoto, nitamtoa nje penye jua na kumwita Mokua mbele ya nyumba nzima, na Nyabuto nimemwalika. Nikishalitamka, wewe hutakuwa na jina la kurudi nalo, na mimi sitakuwa na la kukuitia. Uliniambia nikuitikie mpaka urudi, nami nimeitikia kadiri nilivyoweza.

Leo ni jioni na jua halijazama, jina bado ni lako. Wamekwenda mtoni wote, wameniachia mtoto amelala ndani, na nyumba iko kimya. Nimekaa mlangoni, barua mapajani, nimetazama barabara ile ile. Nimeliita mara moja, si kwa nguvu, vile nilivyokuwa nakuita chakula kikiwa tayari. Kisha nimeweka kalamu chini, nikanyamaza kidogo kama zamani.

Nimenyamaza hadi mtoto akaamka ndani akaanza kulia, na mimi ndiye niliyeitika.

Lala salama, Baba Ombati.

Ni mimi mkeo,
Mama Ombati