Jiko Letu na Mpaka wa Korea

Thamesmead, Jumapili

Shikamoo Bibi,

Tumerudi salama kutoka ziara ya shule Korea. Mpakani, kati ya Kaskazini na Kusini, tuliambiwa vita vilisimama mwaka 1953, lakini mkataba wa amani haujasainiwa hadi leo. Mwalimu akauliza, watu wanaishije hivyo? Mimi, ninayeona haya hata kuitika jina, nikajikuta naeleza jiko letu. Tangu Krismasi, Mama na Mama Mdogo Sesilia hawasemezani kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Wamesimama bega kwa bega, wananiambia mimi, “Mwambie mwenzangu anipishe.”

Darasa lilivunjika mbavu. Sasa mwalimu anataka niyaeleze hayo tena mbele ya wazazi shuleni Ijumaa, na hao wawili wanakuja!

Nimemsihi Mama wapatane. Kajibu, “Mwambie aanze yeye.”

Bibi, wapigie simu.

Mjumbe wao aliyechoka,
Lusekelo