Maji Husikilizwa kwa Mgongo

4 Machi

Wifi mkubwa,

Salamu kwako, na natumaini mguu wako umepungua uvimbe. Sisi huku ni wazima. Nikisema sisi nina maana mimi na paka, kwa sababu mtu wa tatu wa nyumba hii unaye wewe.

Nakuandikia kwa kuwa simu yangu huipokei, na mara mbili nilizokuja nimeambiwa kupitia dirishani kwamba mgonjwa amelala. Barua hii inaletwa na dereva wa gari la mikate, ambaye hupita kwako akipeleka mzigo. Nimempa na mkate laini wa maziwa. Umlowanishie mume wangu kwenye chai, hautamsumbua kutafuna.

Wifi, siku aliyotoka hospitali mimi nilikuwa zamu, kwenye tanuri. Niliomba ruhusa, nikafika wodini bado nimevaa aproni, nikakuta kitandani pake amelazwa mtu mwingine. Nesi akaniambia kwamba dada yake alikuja na gari akamchukua. Hata kuniachia ujumbe hukuona haja. Hilo sijalimeza na sidhani nitalimeza, lakini leo sikuandikii kwa ugomvi.

Nataka Jumamosi moja tu. Mvua zimekatika na kule mlimani maua ya porini yameshatoka, ya njano na yale madogo ya zambarau. Unajua tangu tuoane Jumamosi zetu ni za kutoka asubuhi na kurudi jioni, kuangalia maua na maporomoko ya maji. Maneno hayamtoki mdomoni, lakini macho yanaona, na daktari amesema asifungiwe ndani. Nitakuja na gari la kukodi na nitamrudisha kabla giza halijaingia.

Nijibu kwa dereva huyuhuyu.

Wifi yako,
mke wa mdogo wako


9 Machi

Wifi,

Salamu zimefika. Mguu ni wangu, usikunyime usingizi. Mgonjwa hajambo. Anakula, anaoga na analala kwa ratiba, kama wasichana wote niliowalaza miaka yote ya umatroni wangu bwenini, na hakuna hata mmoja aliyenifia mikononi.

Jibu ni hapana.

Mdogo wangu alitoka kwenu kwa miguu yake, akarudi amebebwa kwenye turubai. Kwa sababu gani? Kwa sababu mkewe alitaka kuona maji yakianguka. Maji hata bombani yanaanguka. Fundi friji wa umri ule, wiki nzima anasukuma mafriji ya watu, Jumamosi badala ya kumwacha apumzike unampandisha milima. Kiharusi kikampigia huko huko, mbali na hospitali. Nilipofika mapokezi niliwakuta, yeye mdomo umekwenda upande, na wewe umeshika maua. Wifi, umeshika maua. Picha ile haitanitoka.

Sasa unataka umrudishe kulekule ukammalizie.

Mkate wako nimempa mbwa wa jirani. Aliupenda.

Wifi yako mkubwa


12 Machi

Wifi mkubwa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila hasira zimenikaba mpaka mwenzangu wa zamu ameniambia nikae mbali na tanuri nisije nikaunguza mikate ya watu. Huyo mbwa wa jirani acha anenepe. Nitaendelea kuleta.

Unaongea kama mtu aliyekuwepo. Tulikualika ukasema huna viatu vya porini. Nani amekuambia mimi ndiye niliyekuwa namburuza? Yeye ndiye aliyeanza. Tulikuwa bado wageni kwenye ndoa, akaona joto la tanuri limenichosha, akaniambia vaa viatu vya kutembelea, akanipeleka kwenye maporomoko madogo upande wa pili wa mlima. Akavuta pumzi akasema, hapa pazuri. Wewe unamjua, maneno yake ya kutwa yanaenea kwenye kijiko. Mtu wa namna hiyo akisema mahali ni pazuri, unafanyaje? Nikajiambia, huyu wiki nzima kichwa chake kiko nyuma ya mafriji, kwenye majiko ya watu yenye mende, kumbe hapa ndipo roho yake inapopumua. Tangu siku ile sikukataa Jumamosi hata moja, hata pale miguu yangu ilipokuwa imevimba kwa kusimama kazini.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi nashuka mpaka kwenye maji. Yeye anabaki juu na mkoba wangu begani, ule mwekundu, ameyapa maji mgongo. Watu walikuwa wakimcheka, mwanamume mzima na mkoba wa kike, wala hajali. Siku moja nikamuuliza mbona hageuki akaona. Akanijibu, "Maji husikilizwa kwa mgongo." Nikipanda namkuta amenichumia maua.

Ndiyo hayo uliyoyaona mkononi mwangu hospitalini. Aliyachuma yeye. Niliyang'ang'ania kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichonipa kwa mkono ule ambao sasa hauinuki. Usinifundishe mume wangu anapenda nini.

Wifi yako,
mke wa mdogo wako


20 Machi

Wifi,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka, na mimi si mtu wa kucheka ovyo.

Eti anapenda maporomoko. Sasa nisikilize vizuri. Mdogo wangu alipokuwa mtoto alitumbukia kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba yetu. Mimi ndiye niliyemvuta kwa ukosi wa shati, ameshaanza kulegea. Tangu hapo hata beseni likijaa anakaa mbali nalo. Mvua ikipiga bati alikuwa anakuja kulala miguuni kwangu. Umelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, hakukuambia? Aliyapa maji mgongo kwa sababu hawezi kuyatazama. Hayo ya kusikiliza kwa mgongo alikutungia, nawe ukayameza mazimamazima.

Na alikwenda kwa nini? Jumapili alikuwa ananipitia, magoti yanamuuma, nampaka dawa ya kuchua na kumwambia aache upuuzi huo. Unajua alikuwa ananijibu nini? "Dada, kifua cha mke wangu kimeingia unga. Anapiga chafya mpaka machozi. Kule maporomokoni hakuna vumbi, lazima nimtoe." Magoti yake, hofu yake, vyote vimekwenda kwa ajili ya kifua chako.

Huyo ndiye mume wako unayemjua. Kaa na hilo.

Mkate wa safari hii mbwa hakuupata. Mgonjwa aliuona kwanza.

Wifi yako mkubwa


18 Aprili

Wifi mkubwa,

Nakusalimu. Umeona nimekaa kimya, na pengine ulifurahi ukidhani umenimaliza.

Unga haujawahi kunidhuru. Nimekulia kwenye unga, mama yangu alikuwa mwoka mikate, na kifua changu hakina hata mkwaruzo. Kinachonipigisha chafya ni maua. Ya porini hasa, na yale ya njano ndiyo baba yao. Macho yanavimba, pua inafunguka kama bomba. Mara ya kwanza aliponichumia nikapiga chafya palepale, akashtuka, nikamwambia ni unga wa kazini. Ningefanyaje? Angejua ni maua asingenichumia tena, na mimi niliamini ile ndiyo furaha yake hapa duniani.

Sasa tazama tulichofanya. Mimi napiga chafya. Yeye anaona ni unga, ananitoa kwenye hewa safi. Hewa safi imejaa maua, napiga chafya zaidi, na Jumamosi inayofuata ananipeleka mbali zaidi. Nami sikupapenda kule, wifi. Nilichokuwa nataka ni kitanda changu, na miguu yangu juu ya mto. Mume anayeogopa maji na mke asiyeweza maua, tumepanda milima ndoa yetu nzima, kila mmoja akimvumilia mwenzake.

Ulitaka niumie, nimeumia. Nimelia jikoni, nimelia kazini, nimelia nikianua nguo zake ambazo hazina wa kuzivaa. Nimekuchukia kwa kuniambia, na nimekuchukia zaidi kwa sababu yeye alikuambia wewe badala ya kuniambia mimi.

Lakini usitembee kifua mbele. Ile Jumamosi moja siitaki tena. Maua sitaki, maji sitaki. Nataka mume wangu arudi nyumbani. Nimehamishwa kutoka kwenye tanuri, sasa niko dukani, asubuhi tu, na muda huo mama wa mlango wa pili atakaa naye. Kitanda nimekileta chumba cha mbele ili aone barabara, na bafuni fundi ameshaweka chuma cha kushikia. Niambie siku ya kuja kumchukua.

Mke wa mdogo wako


21 Aprili

Wifi,

Salamu. Siku haipo.

Hayo ya chafya hayanihusu. Mlikuwa mnadanganyana wawili, mimi niingie wapi? Mgonjwa yuko kwa damu yake na amezoea. Ukija utakuta geti lina kufuli. Na usipite ukisema ninamfungia ndani, kwa sababu kama ni maua na maporomoko nitampeleka mwenyewe. Nilimtoa kwenye tangi, sitashindwa kumkalisha kwenye nyasi.

Wifi yako mkubwa


23 Aprili

Wifi mkubwa,

Hujambo. Geti lako nalijua, na dereva wa mikate anajua pa kuegesha. Nikipata likizo nitakuja na kiti changu, nitakaa hapo nje, na kila jirani yako atakayeniuliza kulikoni nitamweleza kuanzia mwanzo. Sauti yangu unaijua.

Bado mke wa mdogo wako


11 Mei

Wifi,

Salamu. Mguu umevimba tena. Uliniuliza mwezi wa tatu, ndiyo nakujibu sasa.

Jumamosi nilimpeleka. Mwalimu wa nyumba ya tatu ana gari, nikamwomba. Tulikwenda kwenye maporomoko yenu yaleyale, kwa juu, pale gari linapofika. Nilikuwa nimeshajipangia kila kitu. Nitamwonyesha maua, atanichekea kwa ule upande wa mdomo uliobaki, nami nitakuandikia barua ambayo itakukata maini.

Tukamkalisha kwenye kiti chake cha magurudumu. Hata breki hatujaifunga akaanza kuhangaika, mpaka tukamgeuza, akayapa maji mgongo. Nikafurahi, kwa sababu nilikuambia. Jasho lilikuwa linamtiririka na shingo imekakamaa kwa woga, nikamwambia mwalimu basi inatosha, turudi. Mdogo wangu akashika tairi la kiti kwa mkono wake mzima, akakataa.

Kisha akaninyooshea mkono. Nikampa kikombe, akakisukuma. Nikampa kofia, nikampa leso, akavikataa vyote. Akawa anajipigapiga begani huku akinitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyepotewa na maneno. Ndipo ile barua yako ya matusi, ya mkoba mwekundu, ikanijia. Nikavua mkoba wangu nikamtundikia begani.

Akauangalia. Akaupapasa, akaufungua kidogo, akaufunga. Halafu akauvua polepole na kunirudishia, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyepewa mzigo wa mtu mwingine. Akaendelea kuikodolea macho ile njia ya pembeni inayopanda kutoka kwenye maji. Walipanda watu wengi. Kila aliyetokeza alimtazama, kisha akarudi kuangalia njia. Tulikaa mpaka mwalimu akaanza kupuliza viganja kwa baridi, na tulipomwingiza garini alilia. Mimi sikuwa nimemwona mdogo wangu akilia tangu siku ya tangi.

Sikufichi kinachoniuma. Mimi nilimtoa kwenye maji mara moja, na maisha yangu yote nimejivunia hilo. Kwa ajili yako alikuwa anayarudia kila wiki kwa hiari yake.

Sijakusamehe. Ukija usinilie mlangoni na usinishukuru, sitaki. Dawa za presha anameza asubuhi akishakula. Chumvi apewe kidogo. Analalia upande wa kulia, ukimlaza kushoto anakoroma. Mkate wako wa maziwa ndio pekee anaoumaliza, na hili nalisema mara moja tu.

Kufuli nimelitoa. Maua usilete, hatuna haja ya chafya humu ndani. Njoo Jumamosi umchukue, na uje na ule mkoba mwekundu.

Wifi yako mkubwa