Mkono wa Tauno Umetetemeka

Lieksa,
Jumapili, 1 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Irja,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi karibu na jiko, miguu imepata joto, na yule paka wako mnene hajakikalia kiti ulichosema umeninunulia mimi. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha shemeji Arvo kimepungua? Sisi hapa tu wazima. Theluji imefika madirishani na Tauno anakoroma sasa hivi katika usingizi wa mchana. Nina mengi ya kukueleza, kwa hiyo jimiminie kahawa kwanza.

Najua umenikasirikia. Ungekuwa hujakasirika ungeshaandika, maana wewe tangu utoto ukinuna unanyamaza. Kwenye kadi ya Krismasi nilikuandikia mstari mmoja tu, kwamba kiangazi hatuji huko Kanada na msihangaike na chumba. Miaka kumi na saba hatujaonana tangu tulipomzika mama, wewe umepaka chumba rangi na kushona mapazia, halafu nakujibu kama mtu anayeandika asiletewe tena gazeti. Nisamehe, Irja. Haikuwa kiburi. Nilikuwa naogopa, na woga huo sikujua niuandikeje.

Unajua shemeji yako Tauno ana kisukari tangu akiwa na miaka ishirini na mitatu. Sindano za insulini kwake ni kama kunyoa ndevu. Kila siku anajitoboa kidole, anapima, anaandika namba kwenye daftari lake la kijani, na namba ikiwa ndogo anatembea kifua mbele jikoni kama aliyeshinda mbio za kuteleza thelujini. Nami nilijiona mke bora. Miaka mitatu iliyopita nilitoa sukari yote nyumbani. Peremende nikanunua zile za dukani zisizo na sukari, juisi ya beri nikatengeneza kwa utamu wa bandia, hata asali nikampa jirani. Mgeni akitaka sukari ya kahawa nilimtazama mpaka akaona aibu.

Sasa sikiliza kilichotokea Novemba. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kuoga mvuke wa sauna. Tauno alikuwa amejichoma sindano yake ya chakula cha jioni, viazi viko jikoni, mara jirani yetu Pesonen akatokea na taulo begani. Sauna ilikuwa imeshika moto barabara, na Tauno akasema chakula kitasubiri. Asubuhi nzima alikuwa amezoa theluji uani kwa koleo. Kazi ngumu, sindano, tumbo tupu, halafu joto linaloivuta insulini iingie mwilini haraka na kuishusha sukari. Leo nikiyaandika yamejipanga yenyewe, lakini siku ile hakuna kati yetu watatu aliyeyaona.

Wakakaa kwenye benchi la juu nusu saa nzima. Pesonen aliniambia baadaye kwamba alimuuliza Tauno kama aongeze maji kwenye mawe ya moto, Tauno hakujibu. Akamuuliza habari za mashine ya kuni, kimya. Yeye akaona ni raha tupu.

“Lakini Hilkka,” akanilalamikia, “lini Tauno amewahi kunijibu saunani? Miaka thelathini tunaoga pamoja, sijasikia maneno kumi. Ningejuaje kwamba safari hii kimya chake kina ugonjwa?”

Sikuweza kumlaumu. Hata mimi nilipowaona wametoka, Tauno ameketi uchi kwenye theluji anatabasamu peke yake, nilidhani anajipoza tu. Nikamwita chakula tayari. Akanitazama kama hanijui. Jasho lilikuwa linamtiririka, ngozi nyeupe kama karatasi, na nilipomshika mkono akanisukuma. Irja, miaka thelathini na nne ya ndoa, Tauno hajawahi kunisukuma. Hapo nikajua sukari imeshuka.

Tulimkokota mpaka jikoni. Nikakimbilia juisi, nikamnywesha glasi nzima. Hamna kitu. Nikampa peremende, akazitafuna kwa utii kama mtoto, macho yanazidi kuzama, ulimi unazidi kuwa mzito. Ndipo nikasoma maandishi kwenye chupa niliyoijaza kwa mikono yangu. Bila sukari. Nikafungua kabati, nikafungua droo, nikamwaga makopo sakafuni. Katika nyumba yangu yote, kwa upendo wangu wote, hapakuwa na kijiko kimoja cha sukari cha kumwokoa mume wangu. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Aliyetuokoa ni Pesonen. Alitoka mbio na taulo kiunoni, akavuka uwanja wa theluji mpaka kwake, taulo likamdondoka njiani na hakurudi kuliokota. Alirudi na boksi la sukari ya vipande, ile anayoibana menoni akinywa kahawa kama marehemu baba yetu. Tuliiyeyusha kwenye maji ya moto kidogo, na kwa vile Tauno alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha kijiko kwa kijiko. Watu wa gari la wagonjwa walipofika alikuwa ameanza kuniita jina. Sentensi yake ya kwanza ilieleweka vizuri.

“Pesonen, vaa suruali, kuna wageni.”

Walicheka wote isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa bado nimeshika kile kijiko.

Jumanne yake tukaenda kituo cha afya, kwa Sista Tolonen, yule anayeshughulika na wagonjwa wa kisukari. Ni mwanamke mfupi anayesema mambo waziwazi. Alilifungua daftari la kijani, na Tauno akakaa akisubiri sifa. Sista akapitisha kalamu chini ya zile namba ndogo alizokuwa anajivunia, moja baada ya nyingine.

“Mzee Tauno, hii hapa, uliandika mbili nukta tisa. Ulijisikiaje?”

“Vizuri tu.”

“Ulitoka jasho? Mikono ilitetemeka? Moyo ulienda mbio, njaa ikakubana?”

“Sikusikia lolote. Nilikuwa mzima.”

“Hapo ndipo ninapoogopa,” Sista akasema, akaweka kalamu chini.

Alitueleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Ubongo unaishi kwa sukari. Ikishuka chini ya nne hivi, mwili wa mtu wa kisukari unapiga kelele ili mwenyewe ale kitu, na kelele zake ndizo hizo: kutetemeka, jasho, moyo kudunda, njaa. Asipokula, ubongo unaanza kukosa. Anakuwa mkali bila sababu, anachanganyikiwa, anaongea kama mlevi, mwisho anaanguka na kupata degedege. Lakini sukari ikishuka mara kwa mara, mwili unazoea. Unaacha kupiga kelele. Tauno wetu alikuwa ameshuka mara nyingi sana katika kutafuta namba nzuri, mpaka mwili wake umenyamaza. Siku hizo alikuwa anatoka kwenye uzima kwenda kwenye kuzimia bila kupita katikati.

Daktari akasema asiendeshe gari, na safari ndefu za ndege tusizifikirie kwanza. Nikajiuliza kitatokea nini juu ya bahari, mimi nimesinzia pembeni yake na yeye amenyamaza. Wiki ile ile nikakuandikia ile kadi.

Sista hata hivyo alikuwa ametupa neno moja la matumaini. Alisema kelele hizo zinaweza kurudi. Kama kwa wiki kadhaa tutaizuia sukari isishuke kabisa, tukaiacha ikae juu kidogo, tukapima mara nyingi zaidi, mwili wa wengi hujifunza upya kuonya. Hakuahidi. Alisema ni wengi, si wote.

Na unafikiri Tauno alikubali? Alitia daftari mfukoni akasema hawezi kuanza kuandika namba mbaya uzeeni. Desemba yote alikuwa mkaidi. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamfokea, sikufua dafu.

Aliyemshinda ni Pesonen, na wala hakukusudia. Alikuwa ameapa kwamba hatamwacha tena Tauno anyamaze saunani. Kila baada ya dakika mbili anamuuliza jambo na hakubali kichwa kutikiswa, anataka jibu la mdomo. Jina la mama yako nani? Leo siku gani? Timu gani ilishinda hoki mwaka jana? Mimi nikiwa uani nawasikia. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya Loppiainen, ile sikukuu ya Epifania ya Januari, nikasikia Tauno amepaza sauti.

“We Pesonen, nyamaza bwana! Mtu hawezi hata kutoka jasho kwa amani!”

“Sinyamazi mpaka mwili wako uanze kusema wenyewe. Saba mara nane ngapi?”

“Hamsini na sita, na utoke humu ndani!”

Jumatatu yake Tauno akampigia Sista Tolonen simu mwenyewe, akakubali. Kwa kutafuta kimya cha sauna, Irja! Mimi niliyelia mwezi mzima sikuhesabiwa.

Basi tukaanza. Insulini ikapunguzwa kama Sista alivyopanga. Siku ya sauna anapima kabla ya kuingia na baada ya kutoka, na kwanza anakula. Akishika koleo, anakula mkate kabla na anapima katikati. Daftari likajaa namba saba na nane na tisa, na kila akiandika moja anaguna kama aliyeng'olewa jino. Nami nikarudisha sukari. Nilikwenda dukani nikanunua maboksi manne, muuzaji akaniuliza kama nina arusi. Sasa kuna vipande vya sukari katika koti lake, katika gari, kwenye kidirisha cha sauna, katika sanduku la zana, hata ndani ya kiatu changu cha kanisani, sijui nani alivitia humo. Nilikuwa naona sukari ni adui. Namwambia kila mtu sasa kwamba mgonjwa wa kisukari naye anahitaji sukari karibu yake, na wananitazama kama nimerukwa na akili.

Wiki moja ikapita, mbili, nne. Tulikuwa tunangoja kitu ambacho hakuna mke anayemwombea mumewe. Wiki ya tano nikakata tamaa kimoyomoyo, sikumwambia.

Alhamisi iliyopita tulikuwa jikoni tunatengeneza vimkate vya mama, vile vya kujaza uji wa mchele. Tauno ndiye anayesukuma unga siku hizi, maana bega langu halitaki. Alikuwa ametoka kupasua kuni na chakula kilikuwa kimechelewa kidogo. Mimi nimempa mgongo nakoroga uji, nikasikia kile kijiti cha kusukumia kinagonga meza. Tk, tk, tk. Nikadhani ananitania.

“Hilkka,” akasema. “Hebu njoo uone.”

Nikageuka. Alikuwa ameuinua mkono wake wa kulia, umejaa unga mpaka kwenye kiwiko, na ule mkono ulikuwa unatetemeka. Jasho limetoka juu ya mdomo. Akaniambia moyo unamwenda mbio na ana njaa ya kula meza. Alikuwa ananionyesha mkono wenyewe kama mtoto anayeonyesha jino lililoota. Tukapima: tatu nukta sita. Zamani namba hiyo angeipita akipiga mluzi.

Alikula vipande vinne vya sukari huku mimi namshika mkono ule kwa mikono yangu miwili. Sikutaka uache kutetemeka, Mungu anisamehe. Baada ya robo saa tukapima tena, imepanda, mkono umetulia, naye akala mkate wa kwanza mbichi katikati kwa pupa. Nikalia mpaka uji ukaungua chini.

Ijumaa tulimwona Sista. Alifurahi, lakini akatuonya tusilegeze kamba, maana tukirudia mchezo wa namba ndogo mwili utanyamaza tena. Daktari naye amesema tuendelee hivi hivi mpaka Mei, na kama mambo yatakaa yalivyo, haoni sababu ya kutuzuia kusafiri. Kwenye ndege tutakula kwa saa yetu na kupima kwa saa yetu, wanaotaka kushangaa washangae.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiyashushe yale mapazia. Mungu akipenda, Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, tutakuwa kwenu, na nitakaa kwenye kiti changu, paka atake asitake. Ila nina ombi moja. Najua wewe una moyo kama wangu, na ukisikia mgonjwa wa kisukari anakuja utataka kusafisha kabati. Usisafishe, Irja. Weka bakuli la sukari katikati ya meza, ya kweli, tena lijae, na usiliondoe hata usiku.

Msalimie sana shemeji Arvo, mwambie Tauno anamletea kisu cha kuchongea. Mbusu binti yenu Sylvi na mwanawe mchanga ambaye bado hatujamshika. Pesonen naye anakusalimu, na anauliza kama Kanada kuna mtu wa kuzungumza na Tauno saunani. Nimemwambia kazi hiyo imeisha. Mungu awalinde nyumbani mwenu, awape usingizi mtulivu, na atukutanishe sote tukiwa wazima.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako Hilkka

Tauno ameamka. Anasema ana njaa, na nimemwambia anionyeshe mkono.