Mlango wa Ndia Kuu

Dadangu Zuhura, salamu nyingi. Kuna jambo nimekuficha tangu utotoni, na kwa jinsi moyo wangu ulivyochoka, sitaki kuondoka nalo duniani.

Asubuhi hii nimekaa mtaani Ndia Kuu na Salim seremala, yule rafiki yangu wa utotoni, mbele ya mlango wa nakshi wa jirani yetu wa zamani. Tulikula mahamri kwa mbaazi, kisha nikajaribu kuuchora. Mistari ikapinda ovyo. Salim akachungulia, akacheka: "Mzee mwenzangu, huu ni mlango au mkeka ulioliwa na panya?" Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika.

"Na ulivyouchora vizuri ukiwa mdogo!" akasema. "Si ndio mchoro uliokupatia nafasi chuo cha sanaa?"

Nikaikunja karatasi. Dada, picha zangu zote, safari zangu na marafiki niliowapata chuoni, vyote vilianzia hapo. Mungu akuweke na afya huko Malindi, nawe unisamehe ukiweza. Ule mchoro wako wa mlango, uliolilia siku mbili ukidhani umepeperushwa na upepo, niliuchukua mimi. Nilifuta jina lako, nikaandika langu.

Nduguyo, Athumani