Wamebonyeza Moyo, Sasa Wananunua Viatu

Shangazi Veronicah,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, ni saa ya chakula na sijala, kwa sababu chakula cha hapa kinapikwa na mama mmoja anaitwa Nzisa, na nikikaribia kibanda chake ataniuliza tena kama siku ya harusi avae kitenge au gauni, ndiyo maana naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Mimi ni mtu wa mjengo. Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, shule niliachia darasa la saba, kazi yangu ni kukoroga na kubeba, na nyumba yangu ni chumba kimoja huko Satellite, mke wangu yuko nyumbani na shamba. Dada yangu Peres ana binti anaitwa Naliaka, anafanya kazi ya ofisi huko tauni, na anaolewa na kijana mmoja wa Ukambani, Musili, kijana mzuri sina neno naye. Baba yake Naliaka alifariki, kwa hivyo mimi ndiye khocha, hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu wa mama, na khocha ni mtu mkubwa katika harusi, ingawa katika hii nilikuwa sina kazi yoyote mpaka kamati ilipokosa mtu wa kuangalia nyimbo za upande wetu, wakaniambia, "Mzee, wewe utashika muziki," nikaenda nyumbani siku hiyo nikitembea kama waziri.

Sasa DJ wao anaitwa Lenox, na huyu Lenox hachagui nyimbo. Alituma linki kwenye WhatsApp, ukiifungua unaandika jina lako na upande wako, wa bwana harusi au wa bibi harusi, unaweka wimbo unaoutaka, na nyimbo za wenzako unazibonyeza alama ya moyo, wimbo wenye mioyo mingi unapanda juu, wenye mioyo michache unazama na hautapigwa. "Mimi ni mtumishi tu," akatuambia kwenye mkutano, "wageni ndio wataamua," na kamati nzima ikapiga makofi, mimi pia nilipiga.

Lakini shangazi yake Musili, anaitwa Mwelu, ana watu wengi, ana jamaa, ana akina mama wa kanisa lake, na wote wana bando. Kufika Jumapili nyimbo za kwao zilikuwa zimejaza juu kote, na ule wimbo wa litungu, kinubi chetu cha Kibukusu, ambao kwetu mama wa bibi harusi huingia nao ulikuwa chini kabisa na mioyo mitano, yaani dada yangu Peres angeingia kwenye harusi ya mtoto wake kwa wimbo wa mashemeji. Mwelu akanipigia simu akicheka. "Shemeji, kwani huko kwenu simu hazijafika?"

Shangazi, nilichomeka. Nikachukua ile linki nikaitupa kwenye kikundi chetu cha mjengo, nikaandika, "Wanaume, bonyezeni moyo kwa huu wimbo wa litungu, na pale pa kuchagua upande wekeni wa bibi harusi." Hawa si watu wa kuuliza maswali, walibonyeza, fundi Okinyi alibonyeza, foreman alibonyeza, Nzisa akabonyeza na wateja wake, na asubuhi litungu lilikuwa juu ya kila kitu.

Mwelu akapiga simu tena. "Shemeji, jana mlikuwa watano. Mmezaa usiku?"

"Ni mapacha," nikamwambia, na hiyo siku nilikula vizuri.

Sikujua kwamba ukimaliza kubonyeza, ile linki inakuandikia, "Asante, mgeni wetu mpendwa. Tutafurahi pamoja Jumamosi," na picha ya Naliaka na Musili, na ramani ya bustani ya harusi. Mimi niliona hayo maneno nilipobonyeza moyo wangu nikayapita kama mtu anavyopita bango barabarani. Wenzangu hawakuyapita. Jumatatu Okinyi akanishika mkono, na Okinyi si mtu wa kushika mtu mkono.

"Mzee, sikujua wewe ni mtu wa maana hivi."

"Nimefanya nini?"

"Kualika sisi wote. Hata foreman amealikwa. Unajua mimi hizi harusi huwa naziona kutoka juu tu?" Na ni kweli, maana mjengo wetu uko Jamhuri, na orofa ya nne inatazama hiyo hiyo bustani, kila Jumamosi tunapiga plasta huku watu wanakula keki chini yetu. "Maharusi wote wa hapa nawajua utosi," Okinyi akasema. "Huyu wenu ndiye nitaona uso."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Karibu."

Sasa Okinyi amenunua viatu vyeusi, anavijaribu saa ya chai na watu wanampigia makofi. Wamenunua blanketi zito la zawadi, la rangi ya damu ya mzee. Nzisa ametangaza kibanda kitafungwa. Foreman amesema Jumamosi hakuna kazi, na huyo foreman hajawahi kutupa Jumamosi hata siku mvua ilipobeba kokoto.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekusumbua. Jumanne Naliaka akapiga simu. "Khocha, Lenox amenitumia majina. Hiyo linki yake inahesabu pia wageni. Upande wetu umejaa! Hawa wote ni akina nani?"

Nikasema, "Ni watu wa nyumbani."

Nikasikia analia. Alisema alijua hakuna mtu atatoka Bungoma wakati huu wa kupanda, na Mwelu alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba upande wetu utatoshea kwenye gari moja na nafasi ya mbuzi ibaki. Akasema, "Khocha, asante, umenipa watu." Halafu akauliza, "Na huyu Okinyi pia ni wa nyumbani?"

Nikasema, "Huyo ni wa mpakani."

Shangazi, viti vya bustani havitoshi, sahani zimeshahesabiwa, kwa hivyo Naliaka amemwambia Musili, na Musili amemwambia Mwelu, na akina mama wa kanisa la Mwelu wameambiwa wasije, ili watu wangu wa nyumbani wapate mahali pa kukaa.

Nimejaribu kurekebisha. Nimewaambia wenzangu kwamba kwetu ni heshima wageni kusalimia kwa Kibukusu, na sasa saa ya chai ninawafundisha kusema "mulembe." Okinyi anaisema kama mtu anayesimamisha gari. Nzisa naye kwao ni Mwingi, akaniuliza, "Na watu wa Musili wakinisalimia Kikamba?"

"Usiitikie."

"Nisiitikie lugha ya mama yangu? Kwani siku hiyo nitakuwa bubu?"

Shangazi, makosa ni ya hiyo linki, ilialika watu ambao sikuituma iwaalike. Naomba uniambie kama niendelee na haya masomo ya mulembe, maana wakishika vizuri labda hakuna mtu atajua, au niwaambie ukweli wenzangu nao wanione mimi ni nani, au nimwambie Naliaka na aibu impate mbele ya mashemeji. Jina langu usilitaje.

Khocha, Satellite

*

Khocha,

Pole. Hiyo ndiyo pole yote niliyo nayo, sasa tuongee.

Umeniomba nisitaje jina lako. Sawa. La Okinyi umelitaja, la Nzisa umelitaja, na la yule mtoto aliyekulilia kwenye simu umelitaja tena na tena. Jina moja tu katika barua hii ndilo lililokuwa la kulindwa, na kwa bahati nzuri ni lako.

Unaniuliza kama uendelee na masomo. Wewe uliyeacha darasa la saba umefungua shule juu ya kokoto, unamfundisha Mjaluo kuwa Mbukusu kwa siku nne, na Mkamba wa Mwingi unamfundisha kuwa bubu mbele ya Wakamba wenzake. Funga hiyo shule leo. Mwelu, ambaye alihesabu watu wako kwa mioyo akajua mmezaa usiku, atashindwa kumtambua mtu wa kwao?

Na usiniletee habari ya linki. Linki ilikuwa na adabu kukushinda. Watu walifanya jambo kwa ajili yako, ikawaambia asante na ikawakaribisha. Wewe uliwaambia nini? Ulitaka vidole vyao viamke asubuhi vibonyeze, kisha virudi kwenye sepetu bila kukusumbua. Kuna watu wazima wenye magari makubwa wanaotufanyia hivyo kila baada ya miaka mitano, na hata wao hugawa fulana.

Sitakuacha peke yako kwenye lawama, maana kamati yenu nayo inastahili. Mtu analipwa kazi ya kujua wimbo upi unaufuata upi, halafu anawaachia wageni wapigane na kujiita mtumishi. Jumamosi Lenox atakuwa anafanya nini pale mbele, kukunja waya? Na nyinyi mkapiga makofi. Mmechukua kuingia kwa mama wa bibi harusi mkakugeuza uchaguzi mdogo, kila upande na wapiga kura wake, na ninyi wote mlidhani mnapanga sherehe.

Kinachonisikitisha ni kwamba hukuhitaji moyo hata mmoja. Wewe ni khocha. Ungempigia Lenox simu na kumwambia, "Dada yangu ataingia na litungu, wimbo ni huu." Basi. Mwelu angenung'unika mpaka Jumatano, halafu angeanza kunung'unikia kitu kingine. Ulipewa cheo, na badala ya kukitumia ukaenda kukitafutia kura.

Sasa nisikilize. Leo ukitoka kazini, kabla hujaenda Satellite, panda gari uende tauni ukamsubiri Naliaka nje ya ofisi yake. Usimpigie simu ukamweleza humo. Nakujua: ukifika penye ugumu utasema mtandao unasumbua. Mwambie ukiwa umesimama mbele yake kwamba wale si watu wa nyumbani, ni wenzako wa mjengo, uliwatafuta ili umshinde Mwelu, na ulimdanganya alipokuuliza. Atalia tena, safari hii kwa sababu yako. Kaa hapo. Usimwambie anyamaze, na usianze kumweleza jinsi wimbo ulivyokuwa chini.

Halafu yeye ndiye ataamua. Viti ni vyake. Huenda akasema waje, kwa sababu mtoto aliyelia kwa kuwa hana watu anaweza kufurahia watu wa aina yoyote wanaokuja na blanketi. Huenda akasema hapana. Usimsukume upande wowote, umeshamsukuma vya kutosha. Una haki ya kuomba kitu kimoja tu: kama kadi yako ina nafasi ya mkeo, na mkeo yuko shambani, muulize kama Okinyi anaweza kukaa hapo. Muulize. Usimwarifu.

Ukiachana naye, mpigie Mwelu wewe mwenyewe. Hii simu inaruhusiwa. Mwambie akina mama wa kanisa lake walifukuzwa kwa ajili ya uongo wako na si kwa ajili ya Naliaka. Atakucheka mpaka sikio liume. Acha akucheke, ndivyo atakavyokosa nguvu za kumcheka bibi harusi.

Kesho asubuhi, kabla mchanga haujaguswa, waite wenzako wote, na Nzisa na foreman pia. Usiandike kwenye kikundi. Waambie, "Sikuwaalika. Niliwatumia." Halafu waeleze alichoamua Naliaka, kama alivyosema, bila kukipaka sukari. Blanketi ni lao, na wao ndio wa kusema liende wapi. Wakikutukana, usijibu.

Najua unachofikiria, maana umekifikiria tangu Jumatatu: kwamba ukinyamaza mambo yatajipanga yenyewe. Yatajipanga, ndiyo. Bustani za huko zina lango, na lango lina mlinzi aliyeambiwa awe macho. Okinyi atafika na viatu vyake. Mlinzi hatamuuliza jina, atamtazama mikono, ile mikono ya saruji isiyotoka hata kwa sabuni, na atamwonyesha njia ya nyuma, ya kupitisha viti na masufuria, akidhani amekuja kazini. Okinyi atageuka kukutafuta kwa macho, na wewe ndani utakuwa umeshaketi, litungu linapigwa, dada yako anaingia, na kila mtu anakutazama usimame ucheze.